Rimoti Iliyonukia Udi

Kahawa ya khitma ya marehemu Bwana Nassor ilikuwa nzuri na halua ilitosha. Hayo nayataja mwanzo ili asitokee mtu akasema kwamba niliondoka pale na kinyongo cha njaa. Kisomo kilikuwa kimekwisha, juzuu zimekusanywa na kurudishwa sandukuni, na sisi wazee tulikuwa tumesogea kwenye kivuli cha ukuta wa ua wa msikiti, kila mmoja na kikombe chake. Ndipo mpwa wa marehemu, mtu mwenye mvi zake na tumbo lake, alipoona inafaa kuwachangamsha wageni. "Mnaikumbuka gari yake ya spoti?" akauliza. "Ile ya rangi ya damu ya mzee, milango miwili? Basi alikuwa na dereva Mtumbatu, yule bwana akaifunga gari kwa mafusho! Mjomba abonyeza rimoti, gari kimya. Afungua mlango, yalia kama mtoto wa jando. Hata alipofukuzwa yule mchawi, ndo ikatulia!" Wakacheka. Watu waliokuja kumwombea maiti rehema walicheka hadi vikombe vikagongana. Na karibu na birika la udhu, kofia yake ya viua imekaa sawasawa, ndevu zimekuwa nyeupe tupu, alikaa Makame Vuai, ambaye ndiye huyo dereva anayesimuliwa. Mpwa hakumtambua. Makame naye alicheka, kicheko kifupi cha adabu, kama mtu anayechekea kisa cha mji ambao hajapata kufika.

Nimeitumikia Serikali tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na katika muda wote huo sikupata kukubali muhtasari wa kikao upitishwe ukiwa na kosa, hata kosa la jina la mtu aliyeomba udhuru. Wenzangu walikuwa wakinung'unika kwamba nawachelewesha. Basi sioni kwa nini niupitishe muhtasari huu wa uani, unaosomwa mbele ya watu wazima na kuthibitishwa kwa kicheko. Jambo hilo lilitokea mbele ya macho yangu. Naliandika kama lilivyokuwa.

Mwaka wenyewe ni wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nao ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa Afisa Tawala Msaidizi, cheo ambacho kwa lugha ya wazi maana yake ni kijana anayeulizwa kila kitu na asiyeamua chochote. Idara yetu ilikuwa katika nyumba ya kale ya ghorofa huko Vuga, yenye kuta nene za chokaa zilizokuwa zikimwaga unga mweupe juu ya majalada kila upepo ulipovuma. Chumba changu kilikuwa juu, chenye dirisha la mbao lisilofunga na meza yenye mguu mmoja mfupi ulioinuliwa kwa kipande cha kigae. Lakini ukweli ni kwamba mwaka ule niliuishi zaidi chini ya ngazi, katika chumba cha madereva, kwa kuwa magari ya idara yalikuwa chini yangu, na kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na chai. Kilikuwa chumba cha dirisha moja dogo, kinanuka petroli, sabuni ya kufulia na maharage ya nazi. Makame alikuwa na stovu yake ya mafuta ya taa, na kila asubuhi alipasha moto maharage aliyopewa na mkewe, akavunja mkate wa boflo kwa mikono miwili, na kusukuma nusu upande wangu bila ya kuniuliza kama nimekula. "Nshakula," nilikuwa nikimwambia. "Umekula chai," alikuwa akinijibu. "Chai hailiwi." Madereva wengine walimtania kwa asili yake, kwani Watumbatu, watu wa kisiwani, husifika kwa uchawi. Kikombe kikivunjika, Mtumbatu kakitazama. Mvua ikinyesha siku ya mpira, Mtumbatu kaiita. Yeye alizoea kuwajibu, "Ningekuwa najua uchawi, nyinyi mngekuwa bado mna midomo?" Ilikuwa mizaha ya watu wanaokula sahani moja, nami sikuona ubaya wake. Leo nauona. Mzaha ukirudiwa kutwa mara moja kwa miaka huwa ushahidi uliokaa tayari ukingoja kesi.

Sasa gari. Gari lile halikuwa mali ya Serikali, na naomba hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata yalipindishwa kwa kulisahau. Lilikuwa mali binafsi ya Bwana Nassor, Mkurugenzi wetu, aliyelileta kutoka Dubai likiwa limeshatumika miaka mingi: gari la Kijapani la spoti, la viti viwili, lililoinama mpaka chini kama paka anayevizia, lenye taa za mbele zilizokuwa zikilala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Lilikuwa halifai kabisa kwa barabara zetu. Kila tuta lilikwangua tumbo lake. Hata nyumbani kwake Kiponda halikuweza kufika, kwa kuwa vichochoro vya huko havimpishi hata mtu na punda wake, na ilibidi lilale Malindi, mtaa wa karibu, kwenye kiwanja. Ndiyo sababu lilikuwa limewekewa king'ora huko huko Dubai, pamoja na rimoti moja tu, nyeusi, iliyoning'inia kwenye ufunguo. Injini ikizimwa, gari lilijifunga lenyewe baada ya kitambo. Kabla ya kufungua mlango ilikuwa sharti ubonyeze kitufe cha rimoti. Ukifungua kwa ufunguo mtupu, king'ora kililia mtaa mzima na injini ilikataa kuwaka mpaka king'ora kichoke chenyewe. "Gari hii ina wivu kushinda mke," Makame alisema siku ya kwanza alipoonyeshwa. Gari lilikuwa binafsi, dereva alikuwa wa Serikali, na hilo ni kosa la kwanza katika kisa hiki. Halikuwa la Makame.

Utaratibu wao ulijulikana. Mchana Makame alimwendesha Bwana Nassor. Gari likisimama, Bwana Nassor alichukua ufunguo na kuutia mfukoni, kwani hakupata kuuacha mkononi mwa mtu. Alhamisi jioni Makame alimpeleka Bububu, nje ya mji, ambako ilielezwa kwamba ana shamba analolikagua, akamwacha huko, naye akarudi mjini kwa njia yake. Ijumaa asubuhi alimfuata, wakaja pamoja msikitini. Basi Ijumaa moja baada ya sala, mbele ya waumini wanaovaa viatu, Bwana Nassor alibonyeza rimoti na gari halikuitika. Alibonyeza tena. Alibonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza kwa vidole viwili, mwisho akafungua mlango kwa hasira, na king'ora kikalia mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakatoka kutazama. Jumatatu ufunguo uliwekwa juu ya meza yangu yenye mguu mfupi. "Shughulikieni," akasema. Hilo neno "shughulikieni" ndilo lililonifundisha utumishi.

Tulianza pale ambapo kila mtu huanza, kwenye betri. Makame alinunua mpya kwa fundi wa saa wa Darajani, ile ya duara inayofanana na sarafu, na tukaitia. Hakuna. Tukakwangua vibati vinavyoishika betri kwa ncha ya kisu. Hakuna. Dereva mmoja akatangaza kwamba kosa ni la mnara wa redio, kwamba mawimbi yake yanaimeza sauti ya rimoti. Maneno hayo yalikuwa na sura ya elimu, basi tukaliendesha gari, baada ya kuliwasha kwa taabu na makelele, hadi Mnazi Mmoja, kisha mbali zaidi kaskazini, tukawa tunasimama na kubonyeza kama watu wanaopigia simu nyumba iliyohamwa. Ni pale njiani nilipogundua jambo ambalo nililionea fahari sana. Rimoti ilikuwa na kitaa chake chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kilichopaswa kuwaka kila ukibonyeza. Kitaa hakikuwaka. "Sasa sikiliza," nikamwambia Makame. "Ikiwa kitaa cha rimoti yenyewe hakiwaki, basi kosa haliko hewani, wala haliko garini. Liko humu mkononi." Makame alinitazama. "Bwana Seif, Serikali ilikosea kukupa kalamu," akasema. "Ilikuwa ikupe spana."

Turudi chini ya ngazi. Nilifungua ganda la rimoti kwa bisibisi ya fundi wa saa, juu ya sahani safi ya maharage ili skrubu zisipotee. Ndani yake mlikuwa na kibao cha kijani chenye mistari ya rangi ya dhahabu, na chini ya kitufe cha mpira palikuwa na kidoti cheusi ambacho ukibonyeza hushuka na kuiunganisha mistari ile. Niligusisha mistari hiyo kwa ncha ya bisibisi. Kitaa kikawaka, na nje uani gari likaitika kwa mlio wake mfupi. Makame alipiga makofi. Kumbe kibao kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa pale kidoti kinapokutana na mistari. Nilitia pamba kwenye spiriti nikapafuta, na pamba ikatoka na rangi ya chai, inanata kidogo. Tulirudisha kila kitu mahali pake, na rimoti ikafanya kazi Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa baada ya sala ikafa. Tukaifungua tena, tukakuta utando ule ule. Tukausafisha. Ijumaa ikafa. Mara ya tatu, badala ya kuitupa pamba, niliinusa.

Ilikuwa udi. Haukuwa udi mkavu wa dukani. Huu ulikuwa ule unaopikwa na wanawake wetu majumbani, vibanzi vilivyochemshwa katika sukari na marashi na kutiwa miski, ambao moshi wake ni mzito na huacha utamu juu ya kila unachokipitia. Nilimsogezea Makame pamba. Hakuipokea. Aliiinamia stovu yake akaanza kuichomachoma tundu lake kwa sindano, ingawa ilikuwa inawaka vizuri. Nami nilikaa nikifikiri, kwa sababu jambo moja lilijulikana na idara nzima: katika nyumba ya Bwana Nassor ya Kiponda udi haukuchomwa kabisa. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa na pumu. Sherehe za watoto wake zilifanywa bila ya chetezo, na wageni waliokwenda na nguo zilizofukizwa walikaa roshani.

Wiki ile Bwana Nassor alipata homa, nikatumwa kumpelekea ufunguo nyumbani. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala: sebule ndefu ya juu, boriti za mikoko darini, makabati mawili ya kioo yenye vikombe visivyotumika, na madirisha yote wazi ili hewa ipite. Bi Rukia alinipokea mwenyewe. "Shikamoo, Bi Rukia." "Marahaba mwanangu, karibu. Baba yenu kalala. Kaa ule kwanza." Aliniletea mkate wa ufuta uliotoka motoni na samaki wa kukaanga, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu kunitazama nikila, kama wanavyofanya mama zetu, ili wajue kama umeshiba au unaona haya. Nilipomaliza nikampa ufunguo. Aliuchukua, akaunyanyua kidogo, na nikaona pua yake inasita. Kifua chake kikapanda. Alifuta rimoti kwa ncha ya kanga, polepole, kama anayemfuta mtoto uso. "Udi mzuri huu," akasema. "Aliyeupika ana mkono." Nikasema neno baya kuliko yote, "Pengine ni kutoka msikitini, Bi Rukia." Alitabasamu. "Pengine, mwanangu. Mambo mengine mtu huyanusa mara ya kwanza tu. Halafu pua huzoea." Akauweka ufunguo dirishani, kwenye upepo, na akaniuliza habari za mama yangu.

Nilitoka Kiponda moja kwa moja hadi chini ya ngazi. "Makame," nikamwambia, "ufunguo huu unafukizwa. Unafukizwa ndani ya mfuko wa kanzu, kila Ijumaa asubuhi, Bububu, na utando unaganda wakati mko msikitini." Alikuwa anafuta kioo cha taa. Aliendelea kukifuta. "Mke mwenye adabu," akasema hatimaye, "akiitanda kanzu ya mumewe juu ya moshi, hapekui mfukoni. Kilichomo na kiwemo." Hayo tu. Lakini yalitosha kueleza kila kitu: mwanamke mwema, mkono wake hodari katika udi, na heshima yake iliyomkataza kutia vidole katika mfuko wa mumewe. Hakukuwa na hila popote. Gari lilikuwa linaharibiwa na tabia njema. "Basi tumwambie Bwana atoe ufunguo kabla ya kuvua kanzu," nikasema. "Neno moja tu." Makame akacheka. "Nani amwambie? Mie? Nimwambie mkubwa wangu kwamba nnajua kanzu yake inavuliwa wapi?"

Na pengine tungeendelea hivyo hivyo, pamba na spiriti kila Jumatatu, hadi gari life kwa uzee. Lakini ikaja Ijumaa ya ufunguzi wa jengo jipya la idara. Mgeni rasmi alikuwa anahutubia, viti vya mbele vimejaa wakubwa, na gari la damu ya mzee limeegeshwa karibu, mahali pa kuonekana. Katikati ya hotuba mpiga picha aliliegemea. King'ora kikaanza. Bwana Nassor alitoa rimoti mfukoni akabonyeza, akabonyeza, akasimama, akaielekeza kwenye gari kwa mkono ulionyooka kama anayemfukuza mbwa, huku mgeni rasmi amenyamaza na karatasi yake, na king'ora kikilia bila ya huruma. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hata gari limechoka na hotuba." Kicheko kilitoka viti vya nyuma kikaenda hadi vya mbele. Nilimwona Bwana Nassor anavyokuwa mwekundu, na nilijua, kwa ule ujuzi unaokuja mapema katika utumishi, kwamba atatafutwa mtu.

Kikao cha nidhamu kiliitishwa dhidi ya Makame kwa kuharibu kwa makusudi kifaa cha mkuu wake wa kazi. Asubuhi ya kikao nilimkuta chini ya ngazi, maharage yamepoa mbele yake. Nilimwambia kwamba nitasema yote. Ni haki yake na ni wajibu wangu. Aliushika mkono wangu. "Nakuomba kwa Mungu, Bwana Seif. Bububu usiitaje." "Lakini Bi Rukia anajua," nikasema. "Kaunusa mbele yangu." Nalikumbuka jibu lake neno kwa neno, kwa kuwa nimeligeuza akilini miaka yote hii nikilitafuta kosa. "Kujua na kuambiwa ni mambo mawili. Anapojua, anaweza kukaa nyumbani kwake. Akiambiwa, mbele za watu, itambidi aondoke. Mama yangu alipolala hospitali, Bi Rukia alikuwa anamletea uji kwa mikono yake, na hapo hanijui mie nani. Simtoi mtu kama yule nyumbani kwake kwa ajili ya rimoti." Nikamwahidi. Nilitimiza ahadi hiyo, na sijui kama nimepata kutimiza jambo lililoniuma zaidi.

Walikaa watatu: Bwana Nassor mwenyewe, mlalamikaji na mwamuzi katika kiti kimoja, jambo ambalo kanuni zinalikataza, Afisa Utumishi, na karani wa kuandika. Makame alisimama. Nami nilisimama kama shahidi.

"Bwana Seif," akasema Mkurugenzi, "wewe umeishughulikia. Kasoro ni nini?"

"Ni utando, Bwana Mkurugenzi. Chini ya kitufe kuna utando wa moshi wa udi. Ukisafishwa unarudi."

"Udi." Alilitamka neno lile taratibu. "Nyumbani kwangu udi hauchomwi. Nyote mnajua. Mama watoto ana pumu."

"Naam, Bwana. Ndiyo sababu nasema..."

"Hebu ngoja." Akamgeukia Makame, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Makame. Wewe ndiwe unayenipeleka kila ninakokwenda. Kuna mahali unaponipeleka panapochomwa udi?"

Swali lile aliliuliza mtu mwenye yakini ya jibu. Alimjua dereva wake. Aliiweka heshima ya Makame mezani kama mtu anavyoweka kitambulisho.

"Hakuna, Bwana," akasema Makame.

"Basi huu udi umetoka wapi?"

Makame aliitazama mikono yake. Nilimwona anatafuta jibu litakalomfunika kila mtu, na nikamwona anavyolipata. "Labda kwangu, Bwana."

"Kwako!" Afisa Utumishi aliruka kwenye kiti. "Ufunguo wa Mkurugenzi unafanya nini kwenye moshi kwako? Aa, yakhe, Watumbatu na mafusho yenu!" Akacheka, na karani akacheka, na ile mizaha yote ya chini ya ngazi, ya vikombe na mvua, ikapanda juu na kukaa mezani kama hati zilizothibitishwa. Nilimtazama Bwana Nassor. Alikuwa na wakati wa kusema. Ulikuwa wakati mrefu wa kutosha. Alijua kwamba Makame hajapata kulala na ufunguo ule, kwa kuwa aliyelala nao ni yeye. Alichokifanya ni kurekebisha kola ya kanzu yake.

"Bwana Mkurugenzi," nikasema, "Makame hakai na ufunguo. Unakaa nao wewe."

"Kaa chini, Bwana Seif."

"Nimeombwa kutoa ushahidi nikiwa nimesimama, Bwana."

"Kaa chini."

Makame aliachishwa kazi wiki ile, na sababu iliyotajwa ilikuwa ya kistaarabu, lakini mji uliipokea kwa jina lake jingine, na hakuna ofisi ya Serikali iliyothubutu kumpa tena usukani. Alirudi kaskazini akaendesha malori ya mawe na mchanga ya watu wengine. Mimi nilipewa uhamisho wa kwenda kusini kwa manufaa ya umma, na huko nilikaa hadi Bwana Nassor alipostaafu, nikihesabu madawati ya skuli na kunywa chai bila ya maharage. Na kwa kuwa naandika kuweka mambo sawa, niongeze hili ambalo mpwa wake halijui au halitaki: gari halikutulia. Dereva mpya aliniapia kwamba Ijumaa iliyofuata rimoti ilikufa kama kawaida, na iliyofuata hiyo pia. Bwana Nassor alimwita fundi akakata nyaya za king'ora, na baadaye akaliuza gari. Ile kasoro ilimtoa Makame hatiani kila wiki, waziwazi, mbele ya msikiti, na hakuna aliyemwita arudi. Huiita hiyo sitara, watu wetu, na kuisifu. Mimi naiita nguo iliyomsitiri mmoja kwa kumvua mwingine.

Pale uani mwa msikiti nilikwenda kukaa karibu na Makame. "Umecheka," nikamwambia.

"Ningefanyaje, Bwana Seif? Nilie kwenye khitma ya mtu?"

"Ungemwambia yule mpwa wewe ni nani. Watoto wa marehemu aliowazaa Bububu wale pale mlangoni, wanapokea mkono wa pole. Mji mzima leo unajua udi ulichomwa wapi. Unamsitiri nani tena?"

Alizungusha kikombe chake. "Bi Rukia alikufa nyumbani kwake, kitandani kwake, hajapata kuambiwa. Mie hilo lanitosha."

"Mimi halinitoshi."

"Nnajua," akasema, na akanipiga begani kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyefukuzwa.

Hapo chetezo kilikuwa kimeanza kuzungushwa. Aliyekibeba ni yule mdogo wa watoto wa Bububu, mtu mzima sasa, sura ya baba yake, anawainamia wazee mmoja mmoja na kuwasubiri wafukize kanzu na ndevu. Harufu niliitambua kabla hajatufikia: ule utamu mzito, miski ile ile, mkono ule ule. Makame aliweka kikombe chini. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kigari chake cha kubebea mizigo alichonunuliwa na wanawe, akauweka katika kiganja changu na kunifumba vidole juu yake.

"Nishikie," akasema. "Hii ina rimoti."

Ndipo akaitanua kanzu yake kwa mikono miwili na kuinamia moshi, macho amefumba, akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa akiungojea. Nyuma yetu mpwa alikuwa amepata wageni wapya na ameanza tena, "Mnaikumbuka gari yake ya spoti?" Yule mwenye chetezo akakinyanyua, akakisogeza kwangu kwa heshima.

"Na wewe, Ammi?"

"Hapana," nikamjibu. "Nimeshika ufunguo wa mtu."